Mkwawa, Quawa, Mkwava: Maisha ya Mtwa wa Wahehe na Tatizo la Kulinganisha Tahajia za Jina Lake

Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, alizaliwa Luhota, Iringa, yapata mwaka 1855. Baba yake alifariki yapata mwaka 1879, na baada ya mapambano makali ya kurithi utawala, yeye akawa mtwa wa Wahehe. Makao yake yalikuwa Kalenga, ndani ya ngome ya mawe.

Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake liliangamiza kikosi cha Wajerumani huko Lugalo, na kiongozi wa kikosi hicho, Emil von Zelewski, akauawa. Majalada ya Kijerumani yakajaa jina la mtwa, lakini kwa tahajia ya Kijerumani: Quawa. Kalenga ilitekwa tarehe 30 Oktoba 1894. Wasangu wa Merere, ambao nchi yao leo imo mkoani Mbeya, walikuwa upande wa Wajerumani. Mtwa aliendelea kupigana msituni hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, ulidai fuvu lake lirejeshwe. Lililoaminiwa kuwa ndilo lilifika Kalenga mwaka 1954.

Mtafiti anayemtafuta mtwa huyu kwa kompyuta hukabiliwa na tatizo la tahajia. Kwa kipimo cha Levenshtein cha mwaka 1965, Mkwawa hugeuka Quawa kwa mabadiliko matatu: m hufutwa, k huwa q, na w huwa u. Makwaia, jina la watemi wa Shinyanga, liko umbali wa mabadiliko mawili tu! Kikomo kikiwa 3, mtu mwingine kabisa huingia, tena akiwa karibu zaidi.

Dawa ni kusawazisha tahajia kabla ya kupima. Qu ikisomwa kama kw, Quawa huwa Kwawa, na umbali hushuka hadi 1. Kikomo cha 1 humwacha nje Makwaia. Aidha, hupunguza kazi. Jedwali la herufi 6 kwa 5 lina visanduku 30, lakini kwa kikomo hicho hujazwa 14 tu vilivyo kandokando ya mshazari. Katika fahirisi yenye maelfu ya majina, nafuu hiyo si ndogo. Mkwava, tahajia iliyo karibu na matamshi ya Kihehe, nayo hupatikana kwa kikomo hicho hicho. Lakini Mkwavinyika haifikiwi na kikomo chochote chenye manufaa. Jina hilo hapana budi liorodheshwe kwa mkono.