Adam Sapi Mkwawa: Chifu aliyeketi kiti cha Spika kwa miongo mitatu

Na Mwandishi Wetu, Itigi

HISTORIA ya mihimili ya dola nchini haiwezi kuandikwa bila jina la marehemu Chifu Adam Sapi Mkwawa, Mwafrika wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanganyika.

Mjukuu huyo wa Mtwa Mkwawa, shujaa wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, alizaliwa mwaka 1920. Alikuwa chifu wa Uhehe wakati wa utawala wa Waingereza, na mwaka 1954 ndiye aliyekabidhiwa fuvu la babu yake na Gavana Edward Twining huko Kalenga, Iringa.

Mwaka 1962 alimrithi Abdulkarim Karimjee katika kiti cha Spika. Mwaka uliofuata Serikali ilifuta utawala wa machifu. Mtu aliyezaliwa kutawala kwa urithi akabaki kusimamia chombo kinachotokana na kura.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Nchini Marekani, waziri haruhusiwi kuwa mjumbe wa Kongresi, na Rais huchaguliwa kando. Tanzania ilifuata njia nyingine: mawaziri ni wabunge, na Rais mwenyewe ni sehemu ya Bunge. Spika alitakiwa kuisimamia Serikali iliyoketi mbele yake ukumbini.

Mambo yalizidi kuwa magumu mwaka 1965, nchi ilipoingia mfumo wa chama kimoja. Wapigakura, kuanzia Dar es Salaam hadi miji ya Reli ya Kati kama Itigi, walichagua kati ya wagombea wawili wa TANU, mmoja akitumia alama ya jembe na mwingine nyumba. Ushindani ulikuwapo, kwani hata Waziri Paul Bomani aliangushwa, lakini neno la mwisho lilikuwa la chama. Mwaka 1968 baadhi ya wabunge walifukuzwa TANU na papo hapo wakapoteza viti vyao.

Ngazi ya chini nayo ilibanwa. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarejeshwa mwaka 1984, ilhali majimbo ya Marekani yana mamlaka yanayolindwa na Katiba.

Adam Sapi alimpisha Erasto Mang'enya mwaka 1973, akarejea mwaka 1975 na kuongoza hadi 1994. Alishuhudia vyama vingi vikirejeshwa mwaka 1992, na mwaka 1993 Bunge likapitisha azimio la kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, kufuatia hoja ya wabunge 55. Azimio hilo lilitenguliwa mwaka 1994, Pius Msekwa akiwa ameshika kiti.

Alifariki dunia mwaka 1999. Swali lililomkabili kitini, la iwapo mbunge awajibike kwanza kwa chama au kwa aliyempigia kura, lingali hai.