Bi Zubeida na Maji ya Mahujaji

Hebu chukua ile saa kumi ya jioni, koo imekauka na Magharibi bado iko mbali. Sasa jifikirie uko jangwani, safarini kutoka Kufa kule Iraq hadi Makka, kama kilomita 1,400 hivi. Hapo maji yakikosekana, hakuna adhana ya kungojea. Ni mauti.

Hiyo ndiyo njia aliyoishughulikia Bi Zubeida binti Jaafar, Mola amrehemu. Alikuwa mjukuu wa Khalifa al-Mansur, aliyeanza kuujenga mji wa Baghdad mwaka 762, na mke wa Harun al-Rashid. Jina lake khasa ni Amatul-Aziz. Hilo la Zubeida alipewa na babu yake kwa utani, eti kitoto kinono kama donge la siagi! Alilelewa kwa starehe, vito na hariri, lakini inasimuliwa kuwa kasri lake lilivuma kama mzinga wa nyuki kwa vijakazi mia moja waliokuwa wakisoma Qur'ani.

Makka ya wakati huo maji yalikuwa taabu, hata kiriba kimoja kikifika dinari nzima ya dhahabu. Bi Zubeida akaamuru yavutwe kwa mifereji kutoka bonde la Nu'man hadi Arafa, na kutoka Hunayn hadi Makka. Msimamizi akalia gharama, maana ni milima ya mawe matupu. Akaambiwa achimbe tu, hata kila pigo la sururu likigharimu dinari.

Njia ya jangwani ilikuwepo kabla yake. Yeye aliiongezea visima, vituo na mabirika. Si birika la chai, jamani! Ni kama lile la msikitini, ila kubwa mara nyingi, la kukinga maji ya mvua. Mengine yana kibirika cha kando ambapo matope hutuama kwanza.

Mwaka 813 mwanawe, al-Amin, aliuawa katika vita na ndugu yake wa baba, al-Ma'mun. Msiba ulioje kwa mama! Alifariki Baghdad mwaka 831. Mfereji wake, Ain Zubeida, ulitengenezwa tena na tena, ukanywesha watu zaidi ya miaka elfu. Jangwani, baadhi ya mabirika yangali yanajaa mvua ikinyesha.