Muhammed Said Abdulla

Muhammed Said Abdulla (25 Aprili 1918 – 1991) alikuwa mwandishi wa riwaya na mhariri wa magazeti kutoka Zanzibar, nchini Tanzania. Anajulikana hasa kwa mfululizo wa riwaya za upelelezi za Bwana Msa.

Maisha

Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Baada ya masomo alikuwa mkaguzi wa afya kwa miaka kumi. Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari. Kuanzia 1958 alihariri gazeti la Mkulima hadi alipostaafu mwaka 1968.

Uandishi

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957–1958. Ilichapishwa mwaka 1960.

Bwana Msa, mvuta kiko, na rafiki yake Najum wanafanana na Sherlock Holmes na Dk. Watson wa mwandishi Mskoti Arthur Conan Doyle. Hata hivyo mazingira, imani na lugha ni za Unguja. Pale watu wanapoona kazi ya mizimu, Bwana Msa hutafuta mkono wa binadamu. Kwa njia hiyo Abdulla aliifungulia njia riwaya ya upelelezi ya Kiswahili.

Vitabu vyake vingine

- Kisima cha Giningi (1968)
- Duniani Kuna Watu (1973)
- Siri ya Sifuri (1974)
- Mke Mmoja Waume Watatu (1975)
- Mwana wa Yungi Hulewa (1976)
- Kosa la Bwana Msa (1984)