Muindi Mbingu na Hoja Zilizowaponza Ng'ombe

Sisi walimu wa lugha huwafundisha wanafunzi kutunga insha za mjadala, lakini ni nadra tuwafundishe kuzipembua hoja zenyewe. Kwetu hapa Katelembo, Machakos, hatuna haja ya kuagiza mifano kutoka Ugiriki ya kale. Maisha ya Muindi Mbingu yanatosha.

Samuel Muindi Mbingu alikuwa Mkamba wa Ngelani, wilayani Machakos. Jina lake lilivuma mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipoamua kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu. Mmomonyoko wa udongo ulikuwapo kweli. Serikali ikatoa hoja kwamba ng'ombe ni wengi na udongo unakwisha, basi ng'ombe ndio chanzo. Hilo ni kosa la kwanza la kimantiki: kuona mambo mawili yameandamana, ukalifanya moja kuwa mzazi wa jingine. Hoja hiyo iliruka jambo zito, kwamba Wakamba walikuwa wamepokonywa malisho ya Mua na kuzuiwa kuitumia Yatta watakavyo, wakasongamana na mifugo yao katika eneo finyu.

Kosa la pili lilikuwa kudai kwamba ni ama kuuza mifugo ama kuangamia, kana kwamba hapakuwa na njia ya tatu. Ng'ombe wakakamatwa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River kikihitaji mifugo.

Mwezi Julai Mbingu aliongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi. Walipiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa, bila silaha, wakitaka kusikizwa na Gavana. Wakubwa wengi hawakuijibu hoja yao. Walisema tu kwamba ni kazi ya wachochezi. Hilo ndilo kosa la tatu, kumshambulia msemaji na kuiacha hoja yake imesimama wima. Mbingu alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu, asirudi hadi 1946. Hata hivyo, kabla ya mwaka 1938 kwisha, serikali iliacha kupunguza mifugo kwa lazima. Mbingu alifariki mapema katika miaka ya 1950, na leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake.

Wakati nao umetoa hukumu. Utafiti wa Mary Tiffen na wenzake, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulikuwa umepungua. Njia ya tatu ilikuwapo: matuta, ambayo mtindo wake mmoja unajulikana ulimwenguni kwa jina la Kiswahili, fanya juu.

Lakini tusiteleze upande wa pili. Ubovu wa hoja ya serikali haukuthibitisha kwamba udongo ulikuwa salama, wala ushujaa wa Mbingu si ushahidi kwamba kila alilosema lilikuwa sahihi. Mwanafunzi anayemtetea shujaa wake kwa mantiki mbovu amerithi silaha za wale waliomfukuza.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mjadala ujao darasani usiishie kwenye makofi. Waulizeni wanafunzi ni hoja ipi iliyojibiwa, na ni ipi iliyokwepwa. Mwaka 1938 kosa la kimantiki lilimnyang'anya mtu ng'ombe wake. Hatujui kesho litamnyang'anya nini.