John Muir na Miti Mikubwa ya Sierra Nevada

Katika nchi zenye majira ya baridi kuna misitu ya miti ya jamii izaayo koni, kama vile msunobari. Majani ya miti mingi ya jamii hiyo ni membamba kama sindano, na mbegu zake hukaa ndani ya koni ngumu yenye magamba. Misunobari iliyopandwa Sao Hill, wilayani Mufindi, ni ya jamii hiyo.

Mti mkubwa kuliko yote katika jamii hiyo ni msekoya. Asili yake ni mahali pamoja tu duniani, yaani mteremko wa magharibi wa milima ya Sierra Nevada, katika jimbo la California, nchini Marekani. Msekoya mmoja uitwao General Sherman una kimo cha meta 84 hivi. Ili kulizunguka shina lake chini kabisa, wangehitajika watoto zaidi ya 20 wa darasa la tano walioshikana mikono. Misekoya mingine imeishi zaidi ya miaka 3,000. Mmoja wa watu walioichunguza miti hii kwa makini alikuwa John Muir.

John Muir alizaliwa tarehe 21 Aprili, 1838, katika mji wa Dunbar, Uskoti. Mwaka 1849 baba yake alihamia Marekani pamoja naye, na huko John akafanya kazi ngumu ya shamba. Baba yake alikuwa mkali, wala hakumruhusu kukesha usiku akisoma. Kwa hiyo John aliamka usiku wa manane, kabla ya wengine, akasoma vitabu na kuunda vyombo vya mbao. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Wisconsin, lakini hakumaliza masomo.

Mwaka 1867 alikuwa akifanya kazi katika kiwanda mjini Indianapolis. Siku moja tupa ilimponyoka mkononi ikamchoma jicho la kulia. Punde jicho la kushoto nalo likapoteza nuru. Muir alilala majuma kadhaa katika chumba chenye giza, asijue kama ataona tena. Macho yake yalipopona, aliazimu kuutumia uwezo wa kuona kwa kuichunguza dunia. Aliacha kazi ya kiwandani, na mwaka 1868 akafika California. Mwaka uliofuata alikwenda na wachunga kondoo hadi milima ya Sierra Nevada.

Wakati huo watu wengi walidhani kwamba misekoya huota tu mahali palipokwisha kuwa na maji mengi. Mwaka 1875 Muir alisafiri kuelekea kusini, kutoka msitu hadi msitu, akiwa na baghala wa kubebea mizigo. Alitazama mizizi, udongo na vijito. Akaamini kwamba watu walikuwa wamegeuza chanzo kuwa matokeo. Mizizi mingi ya misekoya huenea mbali na kuyazuia maji ya mvua na ya theluji inayoyeyuka, nayo yakatoka polepole kuingia vijitoni. Kwa hiyo, kwa maoni yake, unyevu ule ulitokana na miti yenyewe. Miti ikikatwa, maji hutiririka mbio, kisha ardhi hukauka.

Katika safari hiyo Muir aliona pia moto wa msituni. Kwenye mteremko wa vichaka moto ulikimbia kwa kasi. Ulipoingia katika misekoya ulipungua, ukawa unatambaa juu ya majani makavu. Gome la msekoya huweza kuwa na unene wa sentimeta 60, nalo lina utomvu kidogo, hivyo haliwaki upesi. Joto la moto hukausha koni, zikafunguka na kumwaga mbegu. Mbegu hizo ni ndogo mno, wala haziwezi kupenyeza mizizi katika tabaka nene la majani makavu. Moto huondoa majani hayo, na mbegu huota katika udongo mtupu wenye mwanga. Kindi nao hukata koni za kijani na kula magamba yake, na mbegu nyingi huanguka chini.

Muir aliona kuwa moto huandaa udongo kwa miche, lakini aliendelea kuuhesabu kuwa adui wa misitu. Baada yake, kwa miaka mingi, walinzi walizima kila moto. Majani makavu na vichaka vikarundikana, na miche ya misekoya ikawa adimu. Wenyeji wa asili wa milima hiyo, kama vile Wamono, walikuwa wamewasha mioto midogo kwa karne nyingi. Katika miaka ya 1960 wataalamu nao walianza kuwasha moto mdogo kwa uangalifu. Hata hivyo, mioto mikali ya mwaka 2020 na 2021 iliua maelfu ya misekoya mikubwa.

Muir aliandika makala na vitabu kuitetea misitu. Mwaka 1890 serikali ya Marekani ilianzisha hifadhi za Sequoia na Yosemite. Mwaka 1903 alipiga kambi chini ya misekoya pamoja na Rais Theodore Roosevelt. Lakini mwaka 1913 alishindwa kuliokoa bonde la Hetch Hetchy, kwa kuwa serikali iliruhusu bwawa lijengwe humo. John Muir alifariki tarehe 24 Desemba, 1914.

Maswali
1. Kwa nini Muir aliacha kazi ya kiwandani?
2. Watu walidhani nini kuhusu maji na misekoya? Muir aliamini nini?
3. Eleza jinsi moto mdogo unavyosaidia mbegu za msekoya kuota.
4. Kwa nini kuzima kila moto kulileta hatari?

Jaribio
Tengenezeni matuta mawili ya udongo yenye mteremko sawa. Funikeni moja kwa majani makavu. Mwagieni kila tuta kopo moja la maji. Ni tuta lipi linatoa maji polepole? Andikeni mlichoona.