Carnegie: tarishi aliyejifunza hesabu usiku

Andrew Carnegie alizaliwa Scotland mwaka 1835, mtoto wa mfumaji aliyekoseshwa kazi na mashine. Mwaka 1848 familia ilihamia Marekani, naye akaanza kibarua katika kiwanda cha pamba kwa dola 1.20 kwa wiki. Usiku, baada ya kazi, alijifunza kutunza vitabu vya hesabu mjini Pittsburgh. Alipokuwa tarishi wa simu za maandishi alikariri sura na majina ya wafanyabiashara. Vitabu vya kusoma akiazima kwa Kanali James Anderson. Katika viwanda vyake vya chuma alidai gharama ya kila hatua iandikwe, wakati washindani wengi walikisia tu. Wafanyakazi hawakunufaika sawasawa: mgomo wa Homestead wa 1892 uliua watu. Kampuni iliuzwa mwaka 1901 kwa dola milioni 480, na fedha zake zikajenga maktaba zaidi ya 2,500. Alifariki mwaka 1919.