Joseph Whitworth na Mtutu wa Pembe Sita

Askari aliyepata kuona ganda la risasi limekwama katika chemba yenye mikwaruzo hana budi kumfahamu fundi Joseph Whitworth, aliyezaliwa Stockport, Uingereza, mwaka 1803. Enzi zake mafundi walisawazisha chuma kwa kukisugua kwa unga wa msasa. Yeye aliipinga desturi hiyo, kwani punje hujificha katika chuma na kuendelea kukila. Mwaka 1840, mjini Glasgow, aliwaeleza wataalamu njia yake: bapa lipakwe rangi, liguswe na jingine, kisha palipoinuka tu ndipo pakwanguliwe kwa mkono.

Serikali ilipomwomba autafiti mtutu wa bunduki, alitengeneza wenye pembe sita ndani, upana wake inchi 0.451. Katika majaribio ya mwaka 1857 uliishinda Enfield kwa mbali, na Enfield haikuwa silaha duni. Hata hivyo jeshi la Uingereza liliikataa bunduki yake. Ilikuwa ghali, tena masizi ya baruti yaliuziba upesi mtutu ule mwembamba, hata kushindilia risasi kukawa taabu. Walioithamini ni wadunguzi wa majimbo ya kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Whitworth alifariki Monte Carlo mwaka 1887.